Daktari Akujibu: Damu Inapovilia Ndani ya Msuli wa Moyo

Barua zinazohusu upasuaji wa moyo wa tundu dogo zimeongezeka sana katika safu hii, na sishangai, kwa kuwa matibabu ambayo wagonjwa wetu wengi waliyafuata India sasa yanapatikana Dar es Salaam na Nairobi. Mwezi huu nimechagua barua nne zinazogusa jambo moja ambalo hutokea mara chache lakini huwatia watu hofu kubwa, nalo ni damu kuvuja na kuvilia ndani ya nyama ya moyo wenyewe.

Shikamoo Daktari. Baba yangu ana umri wa miaka 67. Alizibuliwa mshipa wa moyo ambao tuliambiwa ulikuwa umeziba kabisa kwa muda mrefu, na kazi hiyo ilichukua zaidi ya saa tatu. Usiku ule ule alilalamika maumivu ya kifua, akapimwa tena, na asubuhi daktari akatueleza kwamba damu imevilia katika ukuta unaogawa vyumba vya moyo. Alilazwa siku nane bila kupasuliwa, kisha akaruhusiwa na kuambiwa arudi baada ya wiki mbili kupimwa eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Nyumbani hatulali. Shangazi anataka apigwe chuku ili damu chafu itoke. Kaka anasema dawa za kuzuia damu kuganda ziachwe kwa sababu ndizo zilizosababisha. Je, damu inaingiaje kwenye nyama ya moyo? Daktari alikosea? Na kwa nini wameiacha humo humo?
*Binti, Tanga*

Marahaba, binti yangu, na umfikishie baba pole zangu. Nianze na chuku pamoja na dawa, maana hayo mawili hayawezi kusubiri maelezo marefu.

Shangazi ana nia njema, lakini damu iliyovilia katika ukuta wa moyo iko nyuma ya mbavu, katikati ya mapafu na ndani ya mfuko wa moyo, na hakuna pembe wala kikombe kitakachoivuta kutoka huko. Kitakachotoka ni damu ya ngozi, tena itatoka nyingi kuliko kawaida, kwa sababu mtu anayemeza aspirini pamoja na klopidogreli akichanjwa huchelewa kukauka. Asipigwe chuku. Vilevile asipewe vidonge vya kitunguu saumu vinavyouzwa kwa jina la kusafisha mishipa, wala diklofenaki au ibuprofeni kwa maumivu ya mgongo au magoti. Akiumwa kichwa au viungo, parasetamoli ndiyo salama zaidi kwake.

Kuhusu kaka, naelewa hoja yake, na katika sehemu nyingine yoyote ya mwili ningeielewa zaidi. Lakini ndani ya mshipa wa baba sasa kuna stenti, yaani kijibomba cha wavu wa chuma, na chuma hicho kikiwa kipya chembe sahani za damu hukiona kama kidonda na kutaka kuganda juu yake. Dawa zile mbili ndizo zinazozizuia. Zikiachwa ghafla katika wiki za mwanzo, stenti inaweza kuziba kwa saa chache na kuleta mshtuko wa moyo ulio mbaya kuliko tatizo lililompeleka hospitali. Pengine daktari wake ataamua kuacha moja kati ya hizo mbili mapema kuliko ilivyokusudiwa, na huo ni uamuzi unaofanywa na mtu aliyeona picha za mshipa na anayejua ni stenti gani iliyowekwa na imefika wapi. Nawaomba sana, msiufanye uamuzi huo barazani.

Sasa turudi kwenye nyama ya moyo. Mishipa mikubwa inayoulisha moyo hutambaa juu yake kama mizizi ya mwembe inavyotambaa juu ya ardhi, kisha matawi yake huzama ndani ya msuli. Mshipa mkubwa una upana wa milimita 2 hadi 4 tu, na matawi yanayozama ni membamba zaidi. Tundu likitokea upande wa nje wa mshipa unaotambaa juu, damu huingia katika mfuko unaouzunguka moyo. Likitokea katika tawi ambalo limekwisha kuzama, damu haina pa kwenda isipokuwa kupenya katikati ya nyuzi za msuli. Na nyuzi hizo zimezungushwa tabaka juu ya tabaka, kama kamba ya makumbi iliyosokotwa, kwa hiyo damu hufuata nafasi iliyopo kati ya tabaka moja na jingine, na kujichimbia kidimbwi ndani yake.

Barua yako inasema mshipa ulikuwa umeziba kabisa kwa muda mrefu. Mshipa uliofungwa kabisa kwa miezi 3 au zaidi huwa na kizibo kigumu, na kuupenya ni kazi ngumu kuliko zote katika fani hii. Daktari hutumia waya wenye unene wa takribani milimita 0.36, ambao unapaswa kuwa laini ili usitoboe na wakati huo huo uwe na nguvu ya kupita. Ukishindikana kutoka mbele, wakati mwingine hupitishwa kutoka nyuma. Mshipa unapoziba polepole, moyo hujitengenezea vichochoro vinavyoleta damu kutoka mshipa wa jirani, na vichochoro hivyo hupita mara nyingi katika ukuta ule ule unaogawa vyumba vya chini vya moyo, yaani kiwambo. Waya ukipitishwa humo, katika njia isiyofikia milimita 1 yenye kona nyingi, ukuta wa kichochoro unaweza kupasuka na damu ikavilia katika kiwambo. Sijui kama njia hiyo ndiyo iliyotumika kwa baba, lakini mahali damu ilipovilia na saa zilizotumika vinanifanya niifikirie kwanza.

Je, daktari alikosea? Sikuwemo chumbani, na sitamhukumu mwenzangu kwa barua. Ninachoweza kusema ni kwamba hatari hii inajulikana kote duniani. Katika kila watu 1,000 wanaozibuliwa mishipa ya moyo kwa puto na stenti, kati ya 2 na 6 hivi hutobolewa mshipa kwa namna moja au nyingine, na idadi hiyo hupanda mara kadhaa kwa mishipa iliyoziba kabisa, kwa wazee, kwa wanawake, na kwa mishipa iliyoota chokaa. Wengi wa hao damu huvuja kidogo tu na kujizuia yenyewe. Kuvilia kwa damu ndani ya msuli ni kwa nadra zaidi, kiasi kwamba madaktari huandikiana habari za mgonjwa mmoja mmoja. Lakini kuna jambo moja ambalo silifichi: ikiwa baba alipewa fomu asaini bila kuelezwa, kwa Kiswahili anachokielewa, kwamba mshipa unaweza kutoboka na kwamba damu inaweza kuvuja, basi hapo alikosewa, hata kama mkono ulioshika waya haukukosea kitu. Mna haki ya kuuliza, na mna haki ya kupewa nakala ya ripoti.

Swali lako la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, kwa nini wameiacha humo humo. Tundu likionekana mgonjwa angali mezani, daktari huingiza puto na kulijaza maji yenye dawa ya rangi kwa dakika kadhaa ili lizibe mahali panapovuja. Ikishindikana, huweka stenti yenye kitambaa kisichopitisha damu, au huziba tawi dogo kwa kijiwaya kilichojikunja au kwa kipande cha mafuta ya mwili wa mgonjwa mwenyewe. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda inayotolewa wakati wa kazi, hubatilishwa kwa protamini, ingawa daktari makini husubiri hadi vifaa vyote viwe vimetoka ndani ya mshipa, asije akagandisha damu juu ya waya wake mwenyewe. Hayo yote ni ya kuziba chanzo. Damu ambayo imekwisha kuingia kati ya nyuzi za msuli ni habari nyingine.

Umewahi kujigonga kidole kwa nyundo? Chini ya ukucha huja doa jeusi, linauma, linatisha kulitazama, kisha kadiri wiki zinavyopita mwili unalifyonza. Moyo nao hufanya hivyo. Kwenye skrini ya eko kidimbwi huonekana kama ufa mweusi katikati ya kiwambo ambacho kwa kawaida hakizidi unene wa sentimita moja hivi, na kiwambo huwa kimevimba na kusogea kwa uzito, kama mtu aliyelala vibaya. Chanzo kikiwa kimeziba, ufa ule hubadilika kwa siku: mweusi unakuwa wa kijivu damu inapoganda, kingo zinakaribiana, na baada ya wiki au miezi michache hubaki kovu dogo au hakibaki kitu. Kumpasua kifua mgonjwa aliyetulia ili kuikamua damu hiyo kungemdhuru, kwa sababu msuli uliolowa damu haushoneki vizuri, uzi huukata. Madaktari hulazimika kufungua kifua pale tu kidimbwi kinapoendelea kukua, kinapobana njia ya damu kutoka moyoni, au kinapopasukia ndani ya chumba cha moyo au ndani ya mfuko wake. Kumlaza siku nane na kumpima tena na tena yalikuwa matibabu kamili, ingawa mliokaa kwenye benchi nje ya wodi mliona kama hakuna kinachofanyika.

Kwa sasa baba asibebe ndoo wala kuchimba, presha yake ipimwe kila siku na isiachwe kupanda, na asikose ile tarehe ya eko hata akijisikia mzima. Akipata maumivu mapya ya kifua, akizimia au kukaribia kuzimia, akikosa pumzi anapolala chali, mapigo yakienda mbio au yakiwa ya polepole kupita kiasi, msisubiri kupambazuke.

Mimi ni muuguzi wa wodi inayopokea wagonjwa waliotoka kuzibuliwa mishipa ya moyo. Tumefundishwa kutazama kidonda cha kinena au cha kifundo cha mkono. Je, kuna dalili gani za damu inayovuja ndani, ambayo hatuioni?
*Muuguzi, Dodoma*

Ahsante, muuguzi mwenzangu. Mlichofundishwa ni sahihi, kwani damu nyingi inayopotea baada ya matibabu haya hutokea pale mrija ulipoingilia, na ndiyo maana siku hizi tunapendelea mkono kuliko kinena. Lakini umeuliza kuhusu isiyoonekana.

Nilipokuwa daktari mchanga nilimpitia usiku mgonjwa mmoja ambaye mshipa wake ulikuwa umezibuliwa mchana bila tatizo lolote lililoandikwa. Presha ilikuwa 105, nami nikaridhika. Muuguzi aliyekuwa zamu akaniambia, "Daktari, huyu mchana alikuwa 140, na amebadilisha mkao mara sita tangu nimeingia." Mgonjwa alipoulizwa alisema kifua ni kizito kidogo, ila hakutaka kutusumbua. Eko ilionyesha damu imejaa katika mfuko wa moyo. Ncha ya waya ilikuwa imetoboa kijitawi cha mwisho kabisa, mahali ambapo hata kwenye picha za eksirei hapakuwa na kilichoonekana, na damu ikawa inadondoka polepole kwa saa saba. Alinusurika kwa sababu ya mtu aliyehesabu mara ngapi mgonjwa amegeuka kitandani.

Kwa hiyo tazama mwelekeo, usitazame namba moja. Presha inayoshuka hatua kwa hatua, mapigo yanayopanda, mishipa ya shingo iliyotuna kwa mtu aliyeketi, jasho la baridi, mkojo unaopungua, na ile hali ya kutotulia ambayo mgonjwa mwenyewe hawezi kuieleza. Kumbuka kwamba mgonjwa anayetumia dawa za kupunguza kasi ya moyo anaweza asionyeshe mapigo ya haraka hata akiwa hatarini. Mfuko wa moyo ukijaa haraka, mililita 150 hadi 200, kiasi kisichofikia kikombe kikubwa cha chai, zinatosha kuubana moyo ushindwe kujaa. Damu ikivilia katika kiwambo, dalili inaweza kuwa kwenye kipimo cha umeme wa moyo: mapigo yanayoruka ghafla, umeme unaokatika kati ya vyumba vya juu na vya chini, au mistari inayopanda kana kwamba stenti imeziba. Mara nyingine mgonjwa hurudishwa mezani, stenti ikakutwa iko wazi kabisa, na hapo ndipo mtu anapokumbuka kuutazama msuli kwa eko.

Waangalie kwa jicho la pekee wale waliowahi kufunguliwa kifua zamani. Wengi hudhani wako salama, kwa kuwa mfuko wao wa moyo umeshikana na moyo na damu haina nafasi ya kusambaa. Ni kweli haisambai, lakini hujikusanya mahali pamoja, ikabana chumba kimoja tu, na eko ya haraka haraka inayotafuta maji kuzunguka moyo mzima inaweza isiione. Kwa hao, presha ikishuka bila sababu, CT ya kifua inafaa kuombwa mapema. Na maumivu ya mgongo au ya chini ya tumbo kwa aliyeingiliwa kinenani yaandikwe na yatolewe taarifa, maana damu inaweza kujificha nyuma ya tumbo kabla kinena hakijaonyesha chochote.

Mwaka 1994 Stephen Ellis na wenzake nchini Marekani waliyagawa matundu ya mishipa ya moyo katika makundi matatu kulingana na jinsi dawa ya rangi, ile inayochomwa mshipani ili uonekane kwenye eksirei, inavyovuja, na mpangilio huo bado unatumika. Ukiona katika ripoti limeandikwa kundi lolote kati ya hayo, hata la kwanza lililo dogo kabisa, omba kitanda chenye mashine ya kufuatilia mapigo, tena karibu na meza yako.

Assalaam aleikum Daktari. Kakangu, wa miaka 52, alipata mshtuko wa moyo alfajiri. Tulichelewa, na ilichukua karibu saa nane kufika hospitali ya kuzibua. Mshipa wa mbele ulifunguliwa vizuri. Wiki moja baadaye alipigwa MRI ya moyo, na ripoti inasema kuna damu iliyovuja ndani ya msuli. Mbona hakuna aliyetaja kwamba mshipa ulitobolewa?
*Msomaji, Mombasa*

Waaleikum salaam. Hakuna aliyetaja kwa sababu, kwa maelezo uliyonipa, yaelekea hakuna tundu. Majina yanafanana, lakini tatizo la kaka yako si lile la mzee wa Tanga.

Mshipa mkubwa ukiziba, haufi msuli peke yake. Hufa pia mishipa midogo kabisa iliyomo ndani ya msuli, ile inayopitisha chembe nyekundu moja moja, kwa maana nayo inahitaji oksijeni ili kuta zake zishikamane. Ikikaa saa nyingi bila damu, kuta hulegea na kuchanika. Kisha mshipa mkubwa unafunguliwa, nguvu ya damu inarudi, na mifereji iliyobomoka haiwezi kuizuia. Chembe nyekundu hutapakaa ndani ya nyama. Hili si la nadra hata kidogo. Katika tafiti za MRI huonekana kwa takribani theluthi moja hadi nusu ya wagonjwa wa mshtuko mkubwa wa moyo waliofunguliwa mishipa, na zaidi pale mshipa wa mbele unapohusika na mgonjwa anapochelewa. Mwaka 2023 wataalamu wa chama cha madaktari wa moyo cha Kanada walipendekeza mshtuko wa moyo ugawanywe katika hatua nne kwa kadiri msuli ulivyoharibika, na kuvuja huku wakakuweka katika hatua ya nne, iliyo kali kuliko zote.

Sikwambii haya kukutisha. Nakwambia ili ujue kwamba ripoti ile inabadilisha uangalizi wake. Damu iliyovuja huacha madini yake ya chuma ndani ya msuli, na madini hayo huendeleza uvimbe na kovu kwa muda mrefu, kwa hiyo moyo wa kaka yako una uwezekano mkubwa zaidi wa kutanuka na kudhoofu miezi ijayo. Anahitaji eko za kumfuatilia, dawa za kuulinda moyo azimeze bila kuruka siku, na asiitwe mvivu akichoka. Dawa za stenti asiziache. Na kufunguliwa mshipa kulikuwa sahihi pamoja na hayo yote, kwa maana usingefunguliwa sehemu iliyokufa ingekuwa kubwa zaidi.

Zile saa nane zinaniumiza. Nanyi wengine mnaosoma, mtu akibanwa kifua zaidi ya dakika kumi na tano huku jasho likimtoka, msimpe maji ya tangawizi mkisubiri gesi itoke. Apelekwe hospitali yenye kipimo cha umeme wa moyo, na kama ya kuzibua haifikiki kwa saa mbili, aulizwe daktari wa hapo hapo kuhusu dawa ya kuyeyusha bonge la damu.

Nimepangiwa kuzibuliwa mshipa wa moyo mwezi ujao. Nimesoma habari za damu kuvuja na sasa nataka kukataa. Nifanyeje?
*Msomaji, Nairobi*

Usikatae kwa sababu ya hofu, na usikubali kwa sababu ya haya. Rudi kwa daktari wako ukiwa na mtu wa nyumbani, na umuulize kama mshipa umeziba kabisa au umepungua tu. Kama maumivu yako yanaweza kutulizwa kwa dawa pekee, jambo ambalo kwa baadhi ya wagonjwa wasio na mshtuko wa moyo linawezekana kabisa. Kama ataingilia mkononi au kinenani. Kama hospitali ina stenti za kitambaa kabatini siku hiyo. Na daktari wa kufungua kifua yuko umbali gani. Andreas Grüntzig alipotumia puto kwa mara ya kwanza katika mshipa wa moyo wa mgonjwa aliye macho, mjini Zurich tarehe 16 Septemba 1977, madaktari wa upasuaji walikuwa wamejiandaa karibu, na hadi leo swali hilo la mwisho halijapitwa na wakati. Mweleze pia dawa zote unazotumia, zikiwemo za mitishamba na zile za maumivu unazonunua mwenyewe dukani. Majibu yake yaandike kwenye karatasi, uyasome tena nyumbani ukiwa umetulia, ndipo usaini.